Pua na ulimi havitoshi: mwongozo wa kukagua sokoni, jikoni na duka la dawa

Mama yangu aliiamini pua yake. Maziwa aliyanusa kabla ya kuyabandika jikoni, nyama aliinusa pale pale buchani, mchuzi aliudondoshea kiganjani akauonja. Mara nyingi hakukosea, na sisi watoto tulikua tukijua kwamba chakula kibaya hujitangaza chenyewe.

Mwaka 2016 imani hiyo ilinitoka. Katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ukanda ninaotoka, familia zilikula ugali wa mahindi waliyolima wenyewe. Ugali haukunuka wala haukuwa mchungu. Kisha watu wakaanza kuumwa tumbo na kutapika, matumbo yakavimba, macho yakawa ya manjano. Waliougua walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki, watoto wakiwamo. Kilichowaua ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka. Kenya nao yaliwakuta mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui: waliougua 317, waliofariki 125. Wote hao walikuwa na pua na ulimi kama wetu.

Tangu hapo nyumbani kwangu tuna utaratibu, na ndio ninaouandika hapa kuanzia sokoni hadi kwenye kabati la dawa. Kwenye nafaka na kwenye dawa nitakaa sana, kwa kuwa huko ndiko watu wanakoumia bila kujua wameumia wapi.

Hatua ya kwanza: pima mizani kabla haijakupimia

Unapokwenda sokoni beba chupa ya maji ya kunywa ya lita moja ambayo haijafunguliwa. Lita moja ya maji ni kilo moja, na chupa yenyewe huongeza gramu chache tu. Ukifika kwa muuzaji mwombe kwa upole aiweke kwenye mizani. Ikisoma kilo moja na robo, umeshajua kila kilo utakayolipia pale itapungua karibu gramu 200. Angalia pia kama mshale unakaa kwenye sifuri sahani ikiwa tupu, na kama mizani ina alama ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo.

Kwenye sado na makopo, ingiza mkono uguse kitako. Kitako kilichobonyezwa kuingia ndani kinakula vikombe vyako kila unapopimiwa. Na ukinunua mafuta ya kula au sukari kwa vipimo vidogo, siku moja kaa na kalamu: zidisha bei ya kipimo kimoja mpaka ifike lita au kilo, halafu linganisha na bei ya chupa nzima au kilo nzima. Wengi wetu tunaonunua kidogo kidogo kwa sababu fedha haitoshi ndio tunaolipa zaidi kwa lita. Majirani watatu wakichanga wakanunua dumu moja wakagawana, wanaokoa fedha ya mboga ya siku kadhaa.

Hatua ya pili: mahindi na karanga

Sumukuvu haionekani kwa macho. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa na nchi za Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 katika kilo moja, na hakuna ulimi wa binadamu unaoweza kuonja kiasi hicho. Moto wa jikoni hauimalizi. Kusonga ugali vizuri, kukaanga karanga mpaka ziwe kahawia, kuchachusha togwa, vyote hivyo haviiondoi. Ikiingia nyingi kwa mara moja huua ini kwa siku chache. Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka husababisha saratani ya ini, na hatari ni kubwa zaidi kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Kwa watoto inahusishwa na udumavu. Kwa hiyo kazi yote ni kuikwepa kabla haijafika jikoni.

Sokoni, iwe Tandale au kwa jirani mwenye magunia mawili kibarazani, usikubali kuchotewa mahindi ya juu tu. Mimi husema, "Kaka, naomba unichomee bambo katikati ya gunia na chini," yaani kile chuma chenye ncha cha kuchotea nafaka ndani ya gunia. Muuzaji mwenye mahindi mazuri hanuni. Wa kwangu hunijibu, "Chagua mwenyewe dada, ya Kibaigwa haya," na kunisogezea sinia. Mwaga kiasi kwenye sinia uangalie kwenye mwanga: punje zilizobadilika rangi, zenye ukungu wa kijani au kijivu, zilizotobolewa na wadudu, zilizovunjika, zilizosinyaa. Kila palipotobolewa au kuvunjika ni mlango wa ukungu. Chache sana unaweza kuzichambua ukazitupa. Zikiwa nyingi, liache gunia lote hata kama bei imeshuka. Mahindi ya bei ya chini mno kuliko ya wenzake mara nyingi yalinyeshewa.

Kisha pima ukavu. Ng'ata punje: kavu hupasuka kwa mlio, mbichi hubonyea chini ya jino. Kwa wanaonunua gunia zima au wanaovuna wenyewe kuna kipimo kizuri zaidi, cha chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi hadi robo yake, ongeza kijiko kikubwa cha chumvi kavu ya unga, funga, tikisa kwa dakika moja, acha itulie dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi hayo yana unyevu unaozidi asilimia 15 na hayafai kuhifadhiwa. Yarudishe juani, juu ya turubai, kamwe si juu ya ardhi tupu. Chumvi ikianguka chini yote, endelea. Kumbuka tu kwamba kipimo hiki kinasema kuhusu unyevu wa leo. Mahindi yaliyoota ukungu mwezi uliopita kisha yakakaushwa yatafaulu, ndiyo maana uchambuzi wa macho unatangulia.

Sasa dona. Tunahimizwa kula dona, na ni kweli ina faida kuliko sembe kwa kuwa ganda na kiini cha mahindi vinabaki ndani. Lakini ganda na kiini ndiko sumukuvu inakojaa zaidi. Ukikoboa, sehemu kubwa ya sumu huondoka na pumba, ingawa si yote. Ukisaga dona, kila kilichokuwamo kwenye punje kinaingia kwenye sufuria. Kwa hiyo dona isiwe unga wa kununua bila kujua mahindi yake. Nunua mahindi, yachambue kwa mikono yako, yapeleke mashineni yakiwa safi, na usage ya wiki mbili tatu tu. Kama huna nafasi ya kuchambua, sembe ya kukobolewa ni salama zaidi kuliko dona usiyoijua. Najua wapo watakaonishangaa kwa hili, lakini nasimama nalo.

Punje mbovu ulizochambua zitupe au zifukie. Usimpe kuku wala ng'ombe, na usimgawie jirani wa kupika pombe. Ng'ombe akila sumukuvu, sehemu yake hutokea kwenye maziwa, na kuyachemsha au kuyagandisha kuwa mtindi hakuiondoi.

Karanga zinafuata njia hiyo hiyo. Nunua nzima, zisizosagwa, uzitandaze, uondoe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zilizochipua. Karanga ya kusaga iliyo tayari kwenye mfuko huficha kila kitu, kwa sababu punje moja mbovu ikishasagwa na mia nzuri hakuna atakayeitambua. Ukitafuna karanga ikawa chungu, iteme. Wengi tunaimeza kwa aibu ya kutema mbele za watu.

Kuhifadhi: gunia likae juu ya chaga, mbali na ukuta, chumba chenye hewa. Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa inafaa sana, kwa sharti mahindi yameingia yakiwa makavu. Ukifungia unyevu mle, umeupa ukungu chumba chake.

Hatua ya tatu: uji wa mtoto

Unga wa lishe unaouzwa mitaani mara nyingi umechanganywa mahindi, karanga, soya, ulezi, mchele na ngano. Jina ni zuri, na mama anayeununua anataka mema. Lakini mahindi na karanga ndivyo vinavyoshambuliwa zaidi na sumukuvu, na mtoto wa miezi minane ana mwili mdogo na hunywa uji huo huo kila siku. Hapo sumu kidogo si kidogo tena.

Fanya hivi: saga nafaka moja, ulezi au mahindi uliyoyachambua, basi. Karanga zitunze zikiwa nzima, utwange kiasi cha siku hiyo na kuongeza kwenye uji ukiwa jikoni. Siku nyingine tumia maziwa, yai au dagaa waliosagwa badala ya karanga. Unabadilisha vyakula, kwa hiyo hata kimoja kikiwa na kasoro mtoto hakipati kila siku.

Na asali: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe hata tone, iwe ya Tabora au ya dukani. Asali huweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mkubwa huvishinda, ila kwenye utumbo wa mtoto mchanga huota na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumua. Bibi akija na kijiko chake, mweleze kwa heshima, na usiogope kukataa.

Hatua ya nne: friza na lebo

Kuku wa friza tazama barafu. Pakiti yenye barafu ya rangi ya damu chini yake, au kuku kadhaa walioshikana kuwa jiwe moja, wameyeyuka wakagandishwa tena, ama umeme ulikatika au friza ilizimwa usiku. Maziwa na mtindi wa pakiti iliyovimba viache hata kama tarehe haijafika. Tarehe iliyochapishwa inahesabu kwamba bidhaa imekaa kwenye baridi muda wote.

Tarehe zenyewe zisome kwa makini kwenye bidhaa za nje. Iliyoandikwa 04/09 inaweza kuwa tarehe 4 Septemba, na kwa mtindo wa Marekani ikawa tarehe 9 Aprili. Tafuta tarehe ya kutengenezwa iliyo karibu yake ndiyo ikuongoze. Stika mpya iliyobandikwa juu ya tarehe ya zamani ni sababu tosha ya kurudisha bidhaa kwenye shelfu.

Kwenye orodha ya viambato, kinachotangulia ndicho kingi kuliko vyote. "Juisi ya embe" ambayo orodha yake inaanza na maji, kisha sukari, ni maji ya sukari yenye embe. Glukosi, fruktosi na sharubati ya mahindi ni sukari pia.

Nyumbani umeme ukikatika, usifungue friji kila mara kuangalia. Friji iliyofungwa hushika baridi kwa saa 4 hivi, na friza iliyojaa hufika saa 48.

Hatua ya tano: jikoni

Nianze na nailoni. Nimeona jikoni nyingi, na kwa shangazi zangu wawili pia, wali au ndizi zikifunikwa na mfuko wa plastiki chini ya mfuniko ili mvuke usitoke. Mfuko ule haukutengenezwa kukaa kwenye mvuke. Hulainika, na kemikali zilizomo huhamia kwenye chakula, hasa chenye mafuta. Jani la mgomba linafanya kazi hiyo hiyo. Vilevile kupalia: punguza moto wa chini, weka makaa machache juu ya mfuniko, wali unakauka vizuri kabisa. Ndivyo bibi zetu walivyopika kabla ya mifuko. Na supu au chai ya moto usichukue kwenye mfuko. Nenda na chupa au hotipoti yako.

Mafuta ya kukaangia. Yakigeuka meusi, yakitoa povu, yakianza kutoa moshi mapema kuliko mwanzo au yakinata kama gundi, yamekwisha, na kuongezea mapya juu yake hakuyafufui. Yaliyotumika mara moja yachuje, yafunge, yaweke gizani, na ukaangie mara moja au mbili tena tu. Unaponunua chipsi au mihogo, chungulia karai kwanza. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui: mafuta ya kula ya viwandani huongezwa vitamini A, na mwanga wa jua huiharibu. Yale yaliyopangwa juani kwenye chupa za wazi ili yaonekane yanang'aa yanaipoteza pale pale mezani kwa muuzaji. Chukua yaliyo kivulini.

Chumvi yenye madini joto nayo ifungwe kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na mvuke, na iingie kwenye chungu mwishoni mwa mapishi. Kwa mtu mzima kiasi cha siku nzima kisizidi gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai, na humo imo ya mkate, ya vile vipande vya kuongeza ladha ya mchuzi, ya krispi na ya ng'onda. Ukiweka kipande cha ladha, usiweke chumvi juu yake kabla ya kuonja.

Magadi tunayotia kwenye maharage, makande na mlenda ili viive haraka huongeza sodiamu kimyakimya kwa mwenye presha ambaye anadhani ameacha chumvi. Mengine, hasa yatokayo ukanda wa Ziwa Natron, yana floraidi nyingi, na ni mojawapo ya sababu za meno ya kahawia kwa watoto wa Arusha na Kilimanjaro. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, pika kwa maji mapya. Utaokoa mkaa na magadi hutayahitaji.

Kiporo. Hapa tumezoea kusema "nikipasha sawasawa, kitakuwa salama." Kwa wali si kweli. Kuna bakteria wanaokaa kwenye mchele wakiwa kama mbegu ngumu isiyokufa kwa kuchemshwa. Wali ukikaa na uvuguvugu kwenye sufuria usiku mzima, wanaamka, wanazaliana na kutoa sumu ya kutapisha, na sumu hiyo haivunjwi na kupasha moto. Wali wa nazi hutangulia kuchacha kwa hiyo angalau hukuonya. Wali mkavu haukuonyi.

Utaratibu wangu: mara tu watu wakishakula, ndani ya saa 2, kinachobaki nakitandaza kwenye sinia au bakuli pana ili kipoe haraka, halafu kinaingia friji na kuliwa kesho yake, si keshokutwa. Sufuria nzima ya moto ukiifunika na kuisukuma kwenye friji, katikati yake hubaki vuguvugu kwa saa nyingi. Wasio na friji, dawa ni kupima: kwa wengi kikombe kimoja cha mchele kinatosha watu wawili watatu. Wali uliolala nje utupwe. Najua uchungu wa kutupa chakula, nimekulia kwenye nyumba ambayo punje iliokotwa mkekani. Lakini siku moja ya mtoto kutapika mpaka aishiwe maji ni ghali kuliko sufuria ya wali.

Hatua ya sita: mezani

Chai sogeza. Tanini ya chai huzuia madini ya chuma yaliyo kwenye maharage, kunde na mboga za majani yasifyonzwe. Mama mjamzito anayekula mchicha kila siku na kushushia na chai ya rangi anaweza kubaki na upungufu wa damu akashangaa kwa nini. Kunywa chai saa moja au zaidi kabla au baada ya chakula. Mezani weka limau, chungwa, pera au embe, kwani vitamini C hufanya kinyume cha chai, husaidia chuma kuingia. Vidonge vya kuongeza damu vya kliniki navyo vinywe na maji au maji ya chungwa, mbali na chai na maziwa.

Soda ya chupa ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 37, vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 za sukari za kuongezwa kwa siku, na ikiwezekana abaki chini ya 25. Soda moja imeshavuka hiyo ya pili, na chai bado.

Hatua ya saba: duka la dawa

Miaka michache iliyopita baba yangu alishikwa na mafua makali. Alikwenda duka la dawa la jirani akapewa vidonge vya mafua kwenye kibahasha kilichoandikwa "2x3" tu, bila jina. Nyumbani, kwa kuwa kichwa kilikuwa kinamuuma, akaongeza Panadol mbili mbili, nazo mara tatu kwa siku. Siku ya tatu nilimtaka anionyeshe anachokunywa, nikarudi na kibahasha dukani kuuliza. Vile vya mafua vilikuwa na parasetamoli miligramu 500 kila kimoja. Ukijumlisha, mzee alikuwa akimeza gramu 6 kwa siku, wakati mwisho kwa mtu mzima ni gramu 4, yaani vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Ini huumia taratibu bila maumivu ya mapema. Tulimwahi. Nilikaa chini nikalia nilipoelewa tulipokuwa tumefika.

Kwa hiyo, ukiwa dukani:

Usiondoke na kidonge kisicho na jina. Sema, "Daktari, naomba uniandikie jina la dawa, nguvu yake na mwisho wake wa matumizi." Iliyokatwa kwenye karatasi yake ni bora kuliko iliyomiminwa kwenye kibahasha. Tafuta neno parasetamoli kwenye kila dawa ya mafua, kikohozi na maumivu. Kwenye dawa za kutoka Marekani imeandikwa asetaminofeni, ni kitu kile kile.

Uliza maana ya namba. "1x3" ni kidonge kimoja kila baada ya saa 8. Wengi huvinywa asubuhi, mchana na saa 12 jioni, kisha usiku mzima mwili unabaki bila dawa.

Diklofenaki na ibuprofeni, dawa za maumivu, ni ndugu. Usizinywe pamoja, usizinywe tumbo tupu, na kama una presha, vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au ujauzito usizinywe kabla ya kuongea na daktari. Mafundi, wabeba mizigo na madereva wengi huzinywa kila jioni kwa ajili ya mgongo, miezi na miezi. Figo haina njia ya kulalamika mapema.

Usiombe "rangi mbili", zile kapsuli za antibayotiki, kwa sababu una mafua. Mafua huletwa na virusi, na antibayotiki haiui virusi. Ukipewa antibayotiki kwa ugonjwa unaoihitaji, nunua dozi yote kwa mara moja. Fedha ikipungua, mwambie mtoa dawa aangalie nyingine ya bei nafuu inayotibu tatizo hilo hilo, badala ya kukukatia vidonge vitano. Nusu dozi huua bakteria dhaifu na kuwaacha wale wabishi, ndio usugu wa vimelea dhidi ya dawa unavyoanza, na wabishi hao huambukiza watoto wako.

Malaria, pima kwanza. Kipimo kikionyesha unayo na ukapewa dawa mseto ya kumeza iitwayo ALu (artemeta na lumefantrini), kuna mitego miwili. Wa kwanza ni muda: dozi ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza, halafu asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, jumla dozi 6. Kwa mtu mzima ni vidonge 24, na siku ya pili ukijisikia nafuu, vilivyobaki si akiba. Wa pili ni chakula: dawa hii hufyonzwa vizuri ikikutana na mafuta. Ukiinywa na chai ya rangi tumbo tupu, sehemu kubwa inapita bure. Kunywa na maziwa, au baada ya chakula chenye mafuta kidogo, hata karanga chache ulizozichambua.

Vidonge vya presha na vya kisukari haviachwi kwa sababu kipimo cha mwisho kilikuwa kizuri. Kilikuwa kizuri kwa sababu ya vidonge.

Dawa zinazouzwa mnadani au ndani ya basi ziache, hata muuzaji awe na maneno matamu kiasi gani. Zimekaa juani, na nyingi zinatakiwa zisizidi nyuzi 30. Kwa sababu hiyo hiyo usitunze dawa kwenye dashibodi ya gari wala juu ya friji.

Mwisho wa kazi, chukua karatasi moja uibandike ndani ya mlango wa kabati la dawa. Andika jina la kila mtu wa nyumbani, dawa anazokunywa, saa anazokunywa, na dawa inayomdhuru. Ya kwetu ina mistari sita, na wa kwanza ni wa baba. Kila akiugua, anayekwenda dukani huipiga picha kwa simu na kumwonyesha mtoa dawa kabla hajafungua kopo lolote.